Nani Anazinyonya Betri za Mnyambe?

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeimeza Mnyambe, wilayani Newala. Fundi redio Gervas anafungua sanduku la mbao, lenye paneli ndogo ya jua juu ya mfuniko, anatoa betri na kuigusisha kwenye kibalbu. Kinawaka. Hatabasamu. Anatazama nyumba ya jirani, mlango umefungwa kwa kamba.

“Betri zikiwaka namkumbuka jirani yangu,” anasema.

Alianza kubuni sanduku hili mwaka jana, 1993, biashara huria ilipoleta sokoni betri ndogo za kuchaji. Umeme hapa hakuna. Alitaka kitu cha kubeba hadi shambani, kizichaji huku mwenyewe akiokota korosho. Nyumba kumi na nne zikachukua.

Kisha yakaanza mauzauza. Betri zililala sandukuni zimejaa, zikaamka zimekufa, na hakuna aliyezigusa. Kila nyumba, kila asubuhi. Minong’ono ya uchawi ikamwangukia jirani yake Bibiana, mjane aishiye peke yake.

“Jua letu linanyonywa usiku,” alisema mteja mmoja, Rahima.

“Baba Oliva,” mjane alimlilia Gervas, “mie nizipeleke wapi? Hata tochi sina!”

Asubuhi moja Bibiana akakuta majivu ya kumtega mchawi yamezungushwa nyumba yake yote, bila hata unyayo wa aliyeyamwaga. Akafunga mlango, akaenda kwa bintiye Esther, Mkomaindo, Masasi.

Siku ile ile Gervas akaunga mita ya kupimia umeme, akafunika paneli kwa kanga kuigiza usiku. Mshale wa mita ukageuka kinyume! Kumbe giza likiingia, paneli yenyewe huzinywa betri.

“Mnyonyaji nilimtengeneza mwenyewe,” anasema.

Aling’oa dayodi kwenye redio mbovu, vidude vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, akachomelea kimoja kila sanduku. Betri zikapona. Na hapo ndipo alipommaliza mama wa watu.

“Si unaona?” anasema Rahima. “Katoka yeye, betri zinalala zimejaa.”

Kuwaeleza habari za dayodi imekuwa kumpigia mbuzi gitaa. Kwa hiyo leo amekusanya masanduku yote, na anang’oa dayodi moja moja. Anajua wateja watamkimbia.

“Kesho zitaamka zimekufa, na Mama Esther yuko Masasi,” anasema. “Nitawaita wote niwaulize: haya, usiku huu kanyonya nani? Wakikosa jibu, nakwenda Mkomaindo kumpigia magoti.”