Gari Lililougua Butembo na Kupona Beni

Kila nikishuka Beni, gari langu linapona. Nikilirudisha Butembo linaanza kukohoa tena. Asubuhi, ukungu ukiwa bado vilimani, mngurumo unakatakata, linatoa moshi mweusi na kunuka mafuta hadi kwenye shati. Ni gari la michezo la zamani, milango miwili, la chini sana, usukani kulia. Nililivusha mpakani Kasindi nikiwa bado na nywele zote. Miaka ile nilimpeleka nalo binti yangu shule ya msingi, naye aliniomba tuzunguke mtaa wa Rughenda kwanza ili aisikilize mashine.

Halafu nikaondoka. Bunia, Isiro, Kampala, Juba. Sijui kueleza nilikuwa nikitafuta nini huko. Gari lilibaki kwa dada yangu chini ya turubai, na binti akakulia kwa mama yake, Kisangani. Ni miaka mitatu tangu nirudi, na bado situlii. Nashinda kati ya miji hii miwili kama mtu aliyesahau kitu katika kila mmoja.

Mwezi huu binti aliniandikia kwamba angetua Mavivi, uwanja wa ndege wa Beni, siku ya Alhamisi. “Papa, ukuye na ile mutokari.” Nikamjibu kwamba nitakuja nayo. Nimewahi kumwahidi mengi. Hili nilitaka liwe kweli.

Mafundi wa Beni walikwisha kunichoka. Mmoja wao alilisikiliza gari likinguruma vizuri kwenye joto la mchana, akafunga boneti.

“Papa, mutokari iko muzima. Peleka kichwa yako kwa munganga.”

Basi Jumanne nikalipeleka kwa fundi wa Butembo niliyesoma naye sekondari kwa mapadri, nikiwa nimekwisha kumweleza kwa simu kwamba binti anakuja. Alinitazama nikijikamua kutoka kwenye kiti.

“Masta, mutokari ya sport na hili tumbo? Moteur iko na haki ya kulia.”

“Angalia moteur. Tumbo, bibi yako anaangaliaka ya kwako.”

Akacheka, kisha akaiwasha mashine. Aliiacha ingurume nusu saa nzima, akashika mpira wa maji kwa kiganja. Bado ulikuwa baridi. Akafungua buji, zile zinazowasha moto ndani ya mashine. Zilikuwa nyeusi kama sufuria ya maharagi. Akanusa kijiti cha oili, akaninusisha na mimi: petroli tupu, ile tunayoiita essence.

“Nani alitosha termostat?”

Termostati ni kizibo kidogo kinachoyazuia maji yasizunguke mpaka mashine ipate joto. Huku kwetu karibu kila mtu hukitoa. Tunasema mashine ipumue.

“Ni mimi,” nikasema.

Ni mimi kweli. Safari ya kwanza baada ya kurudi, nikipanda kutoka Beni, maji yalichemka njiani. Nilikitoa kwa mikono yangu, nikakitupa kwenye nyasi, na nikajiona mjanja.

“Donc, Beni kuko joto, haioni shida. Huku kuko baridi, haipate moto hata siku moja. Mashine ya baridi inakunywa essence mingi, na ile essence inasafisha oili yote mu piston, inasagika kavu. Miaka tatu, masta.”

Akaweka dole gumba juu ya kila tundu la buji kupima msukumo wa hewa, nami nikawasha. Kwenye la kwanza na la pili dole lilirushwa. Kwenye la tatu lilitulia pale pale. Akaniita nje, akaniwekea dole langu mwenyewe pale, kisha akawasha yeye. Nilisikia pumzi ndogo, kama ya mtu aliyelala.

“Nitaweka termostat mupya, mais hii silinda ya tatu iko karibu kufa, joto ya Beni ndiyo ilikuwa inaificha. Ni kufungua yote, kungoja ba pièce mupya zitoke Kampala. Kushuka Beni, itashuka. Kupanda na mutoto ndani, mi hapana kukubali. Itabaacha mu njia.”

Nilibishana naye kidogo, kwa ajili ya kubishana tu. Kisha nikampa funguo.

Alhamisi nilishuka kwa teksi ya watu wote. Mavivi nilifika mapema mno, nikasimama ukutani kwa muda wa saa tatu hivi, miguu ikiuma, nikipanga uongo wa kumwambia. Binti alipotoka alikuwa mrefu kuliko mama yake. Alinisalimu, kisha akatazama nyuma yangu, kwenye magari yaliyopangwa.

“Mutokari iko wapi?”

“Butembo. Kwa fundi. Niliiharibu mimi mwenyewe, kwa ujuaji.”

Alisogeza begi begani.

“Mi nilizania ni Papa ndiye atakosa kuja,” akasema. “Mutokari, nilijua inaweza kukosa.”

Nilinyoosha mkono nichukue begi. Hakunipa mara moja. Aliulizia kwanza mahali pa kula, kwani hakuwa amekula tangu asubuhi.