Nilivyovua Shati Merikit

Kila mtu ana aibu yake, najua, lakini yangu ina mashahidi, tena mashahidi walioketi kwa duara wakiwa na mirija mdomoni, na mpaka leo nikipita senta ya Merikit kuna mama mmoja muuza mihogo ambaye hunisalimu kwa kujifunika macho na viganja viwili. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana watu huongeza chumvi (ingawa kwa hii yangu, kusema kweli, chumvi ilishatosha).

Mimi ni fundi wa makochi hapa Busia, upande wa Kenya, na kwa kuwa kazi yangu ni vitu vya kukalia, nimekuwa mtu wa kukaa. Mke wangu Nabwire, Mama Sharon, ni mtu wa miguu. Anauza vitenge, anavuka mpaka kama wewe unavyovuka uwanja kwenda jikoni, na tangu watoto waondoke nyumbani kila wikendi ana safari mpya kichwani. Ukimwuliza likizo ni nini atakwambia ni Jinja kutazama Nile inapoanzia, ni Kisumu kula samaki, ni Mbale kupanda milima mpaka magoti yakatae. Ukiniuliza mimi nitakwambia likizo ni Jumapili, mvua inanyesha, na hakuna mgeni. Jinja tulienda. Nilibeba mto wangu wa kulalia kutoka nyumbani, na hadithi hiyo ameisimulia kanisani mara nyingi kuliko mhubiri alivyosimulia ya Yona.

Sasa mwaka jana akaja na jipya: tununue nyumba ya mapumziko ng'ambo. Ng'ambo yenyewe ni Merikit, huko Tororo, mahali ambapo ukitoka Busia baada ya chai ya asubuhi unafika kabla ya chakula cha mchana, lakini jirani zangu hawakunisamehe. "Baba Sharon, tunasikia unahamia majuu! Utatukumbuka kweli ukianza kula theluji?" Nikawajibu nitawatumia picha.

Alichokuwa amepata ni nyumba ya matofali, vyumba viwili, veranda inayotazama kwa mbali jiwe la Tororo, lile kubwa kama mlima, ndani ya boma la mjane mmoja aitwaye Mama Amoding. Mwanawe aliijenga, kisha akahamia Kampala na kusema hatarudi, basi mama akaamua kuiuza pamoja na kipande cha shamba. Nilimwuliza Nabwire kwa nini Merikit na si mahali penye umeme wa uhakika. Akasema, "Mama yangu alikuwa Mteso wa huko huko Tororo. Hata kijiji sikijui. Nataka tu kuamka upande wake." Mama yake alifariki Nabwire akiwa hajaota meno, baba akaoa mwingine, na habari za upande ule zikafifia. Nami, pamoja na uvivu wangu wote, nikamwambia sawa, tukaione. Tukakubaliana twende wikendi moja tuijaribu nyumba, Jumapili tuamue. (Moyoni nilikuwa nimeshaamua: nitasema mgongo unauma.)

Tulifika Ijumaa, jua kali, boda imenitingisha mpaka meno. Mama Amoding alitoka kutulaki, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, akatusalimu "Yoga! Yoga!", akatupa viti, akaniuliza swali moja tu la heshima ambalo kila mzee wa pande hizi humwuliza mgeni:

"Nyinyi natoka ukoo gani?"

Jamani. Hapo ndipo. Ningejibu swali lile vizuri, ningempa mke wangu nafasi naye ajibu, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nilikuwa nimechoka, nimeona kiti cha kulala cha kamba kiko kivulini, na ninazijua hizo hesabu za koo, zikianza mnafika kwa babu wa babu na chai imepoa. Nikacheka nikasema, "Ah, mama, ya ukoo tuyaache. Sisi watu wa Busia tu, tumekuja kupumzika." Nikavua shati, nikalitundika kwenye kamba ya nguo, nikajinyoosha kwenye kile kiti.

"Basi pumzika," akasema Mama Amoding, naye akacheka. "Hapa ni nyumbani."

Na mimi nikaamini kwamba ni nyumbani! Huo ndio ubaya wake. Kitu cha ajabu kilinitokea Merikit: nilipapenda. Kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, kunde zilizoungwa kwa karanga, upepo, kimya. Mama Amoding alikuwa mcheshi kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kukutana naye, akinitania nami namjibu. Tulikula sahani moja, tukigombania paja. Jumamosi asubuhi nilimwagiza maji ya moto kama niko hotelini, nikaoga kwenye bafu la mabati lisilo na paa, linalonifika kifuani, huku nikiimba, yeye akianika mtama hatua chache tu, akaniuliza kama maji yanatosha, nami nikamjibu ongeza kidogo. Nikatoka nimejifunga leso ya mke wangu, ile yenye maua, nikapita mbele yake polepole kama chifu.

Mchana nikatembea pekupeku kuona mipaka ya shamba, nikakanyaga mwiba. Nilipiga kelele za kumwamsha marehemu. Mama Amoding akaketi chini, akauweka mguu wangu mapajani mwake, akachukua pini, akaanza kuchokoa.

"Wewe ni mwanaume gani nalia ya mwiba?"

"Mama, polepole, huo mguu ndio ninaoutumia!"

Akautoa, akachana kipande cha kitenge chake kikuukuu, akanifunga. Nami kwa shukrani nikafanya mzaha ambao sitausahau. Nikasema, "Mimi nina bahati, mama. Wenzangu wakienda ukweni wanatembea kama wezi, wanajificha nyuma ya migomba. Mimi nilioa mke asiye na mama. Hakuna wa kumkimbia!"

Mama Amoding akacheka. Nabwire, ambaye hucheka mizaha yangu hata ile mibovu, hakucheka. Aliinuka akaenda kutazama lile jiwe kutoka veranda, na hapo ndipo mzaha ulipoanza kuniuma kuliko mwiba. Usiku nilimwambia mgongo wangu hauna neno lolote, tuinunue nyumba. Akanishika mkono, basi, akalala.

Jumapili baada ya kanisa wakaja mashahidi wa mauzo, majirani kama kumi, wakiongozwa na Mzee Okware, shemeji yake Mama Amoding, mtu mkavu mwenye fimbo. Chungu cha ajono, pombe yao ya wimbi, kikawekwa katikati, maji ya moto yakamiminwa, kila mtu akapewa mrija wake mrefu. Jua lilikuwa kali. Shati langu, nadhani mmeshabahatisha lilikuwa wapi.

Mzee Okware akasafisha koo. "Shamba hatuuzi kwa mtu hana ukoo. Wewe fundi, sema."

Nikasema wangu, wa Kisamia. Akaitikia kwa kichwa.

"Na mama hapa?"

Nabwire akasema wa baba yake, kisha akasita. "Upande wa mama siujui vizuri. Alikuwa Mteso wa Tororo. Aliitwa Anyait. Alipoolewa Usamia alikuwa bado msichana mdogo, na hakukaa sana. Alifariki."

Nilimwona Mama Amoding akitoa mrija mdomoni.

"Anyait gani? Anyait wa mwanya hapa?" Akagusa meno yake ya mbele. "Alikuwa naimba kanisani?"

"Baba alisema alikuwa akiimba. Na mwanya nami ninao." Nabwire akafungua mdomo kama mtoto kwa daktari wa meno.

Mama Amoding akasimama, mrija ukaanguka. "Baba yake na baba yangu ni mama moja! Mimi ndiyo nilimsuka nywele siku anakwenda kuolewa! Tulisikia mtoto nakufa naye!" Na sauti ile ya kuamrisha ng'ombe ikakatika, akamkumbatia mke wangu, wakalia wote wawili, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi, ambaye silii hovyo, machozi yakanitoka, nikainuka kifua wazi, mikono nimeitandaza, mrija bado mkononi, nikaenda kumkumbatia mama.

"WEWE!"

Fimbo ya Mzee Okware ilinipiga kifuani kabla sijafika. Watu wote walisimama. Mama Amoding alinitazama mara moja, akaelewa kabla yangu, akapiga yowe, akajifunika uso kwa pindo la gomesi, gauni lake la Jumapili, akakimbia kuingia jikoni akipiga kuku mateke njiani.

"Huyo ni mama mkwe wako!" Mzee Okware akasema.

Mnajua desturi. Kwa Wateso na kwetu Wasamia hapo hatutofautiani: mama mkwe humshiki mkono, huli naye, humtazami usoni, na yeye asikuone hata soksi. Na kwa hesabu za koo nilizozikwepa Ijumaa, watoto wa ndugu wawili ni dada, na dada wa mama ni mama. Nikasimama pale nikihesabu madhambi yangu kimyakimya, lakini majirani walinisaidia kuyahesabu kwa sauti.

"Si ni yeye jana alikuwa naoga akiimba?" akauliza muuza mihogo. "Mimi nilisikia toka barabarani!"

"Na ule mguu?"

"Mguu alimwekea mapajani! Kitambaa si hicho hapo!"

Wote wakautazama mguu wangu. Nami nikautazama. Kisha mmoja akaanza kucheka, na chungu kizima kikaangua kicheko, isipokuwa Mzee Okware, ambaye alinielekeza kwa fimbo nyuma ya ghala, nikaenda kusimama huko na mbuzi. Shati nililetewa na mke wangu. Nilipolivaa nilikosea vifungo.

Kule nyuma nilisikia hukumu ikijadiliwa. Mkwe hawezi kulala katika boma la mama mkwe. Basi nyumba haiuziki kwetu. Kisha nikamsikia Nabwire akisema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi, "Nimempata leo tu."

Na mimi, mtu wa kukaa, mtu wa mto wangu, nikajikuta nikipiga kelele kutoka nyuma ya ghala: "Wazee! Geuzeni mlango! Nipeni upande wa nyuma, mlango uangalie mihogo, tupande ua wa michongoma katikati, nitapita njia ya shambani! Mbuzi nitaleta! Hata wawili!"

"Nani hapo nasema?" akauliza Mzee Okware, ingawa alijua sana.

"Mkwe!"

Wakanong'ona. Kisha kutoka jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa, ikasikika sauti ya Mama Amoding, akiongea na watu wote isipokuwa mimi: "Mwambieni huyo mtu, mmoja natosha. Lakini awe mnono."

Ndivyo tulivyopata nyumba ya ng'ambo. Mbuzi alichinjwa, nami nikatakaswa mbele ya watu walewale waliokuwa na mirija. Mlango ulizibwa upande wa veranda na kufunguliwa upande mwingine, kwa hiyo nyumba tuliyoipendea jiwe la Tororo sasa inatazama mihogo, na mwenye kuliona jiwe ni Nabwire akiwa ng'ambo ya ua na mama yake, wakisukana nywele na kusema mambo ambayo hayanihusu. Siku hizi mimi ndiye ninayeuliza, "Mama Sharon, wikendi hii hatuendi?" Kupitia ua tunaongea, mama mkwe nami, kwa adabu kuu. "Nabwire, mwulize mkwe kama mguu napona." "Nabwire, mwambie mama umepona." Nabwire kakaa katikati hafungui hata mdomo.

Nimeapa: nikifika boma la mtu, sitafungua hata kifungo cha shingo kabla sijamaliza koo zote, zangu na za mke wangu, mpaka kwa babu wa babu, chai na ipoe.

Wikendi iliyopita nilikuwa nimejilaza upande wangu nikasikia mama anapata wageni kutoka kanisani, wakamsifia binti yake, wakauliza na mkwe je, ni mtu wa namna gani.

"Ee, huyo?" Mama Amoding akajibu, bila hata kucheka. "Nanyenyekea sana. Mimi sijawahi kuona hata uso yake."