Jino Lisilo na Tundu

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini mjini Mpanda, sikupewa mgonjwa. Nilipewa jino. Mkuu wangu, daktari wa meno wa wilaya, alikuwa ameling'oa muda huo huo.

"Tafuta tundu, binti," akaniambia.

Nililiosha, nikaligeuzageuza dirishani. Lilikuwa zima kabisa. Mwenye nalo alisema lilicheza tu mpaka likamchosha.

"Sasa limelegeaje?"

"Mfupa uliolishika umeliwa. Na aliyeula ni mwili wenyewe."

Nyinyi mnaosomea kazi hii leo mnafundishwa mapema. Mimi jambo hilo lilininyima usingizi. Ugaga, uchafu mgumu unaoganda shingoni mwa jino, hufuga vijidudu. Seli za kinga huja kupigana navyo. Vita vikiendelea, hutoa ishara za kemikali zinazofanya seli changa zitokazo kwenye uboho ziungane, ziwe seli kubwa zenye kazi ya kuyeyusha mfupa. Zipo seli nyingine za kinga zinazozuia, ila ugomvi ukizidi hazifui dafu. Nilipouliza kwa nini mwili ujifanyie hivyo, mkuu alivua miwani. "Ukijua, uje uniambie."

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya huko Mpimbwe. Ndiko alikokuja Mama Vero, mkulima wa mpunga wa Kasansa, ambaye harusi za parokia hazikuchangamka bila vigelegele vyake. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Meno ya mbele yalikuwa yanacheza.

"Dokta, ng'oa yote. Yasije yakaniangukia kanisani."

"Mswaki unapiga?"

"Huku nyuma napiga. Hapa mbele nimeacha, panatoka damu. Kidonda utakisuguaje?"

Wengi kule waliamini hivyo, na kwa kidonda cha mguu wasingekosea. Kwenye fizi, kuacha mswaki ni kuvilisha vijidudu. Nikamweleza habari ya seli.

"Yaani walinzi wangu ndio wanawaita walaji?"

"Ndiyo, mama. Tukiondoa kinachowachokoza, watatulia."

Jino moja lilikuwa limebaki kwenye nyama tu, nikaling'oa. Mengine nikayakwangua ugaga, nikamwambia apige mswaki taratibu hapo hapo panapotoka damu. Sikumficha kwamba mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kirahisi. Alipoondoka niliingiwa na hofu, maana kama meno yangeanguka, angeona aibu na kuacha vigelegele moja kwa moja, na mimi ndiye niliyemkatalia kuyang'oa.

Alirudi baada ya mavuno. Fizi zilikuwa zimekaza, hazitoi damu.

Sasa nimestaafu, nalima kidogo Kakese. Swali nililomwuliza mkuu wangu bado ninalo, na nikikutana na daktari kijana namsumbua nalo mpaka aage.

Juzi nilialikwa harusi Kasansa. Bibi harusi alipotoka kanisani, Mama Vero akapiga kigelegele kirefu, kanga ikiwa begani, pengo lake moja likionekana. Aliponiona nimemkodolea macho, akacheka.

"Dokta, unaangalia nini?"

"Mfupa ulioyashika hayo mengine," nikamjibu.