Mbwa Mwekundu wa Mulekera

Tangu tukimbie vita kule Beni, mama yangu ameniomba kitu kimoja tu: sura ya mbwa wetu. Siku ile tuliondoka mtaani kwetu Mulekera kwa pikipiki moja, mama katikati yangu na mwenye pikipiki, mabegi juu ya mapaja. Mbwa alitufuata mbio mpaka akachoka, na mwenye pikipiki alikataa kusimama. Picha yake hatukuwa nayo. Sisi tulipigwa picha kwenye ubatizo na ndoa; nani angempiga mbwa picha?

Sasa tunakaa Vulamba, hapa Butembo, na mama anasema uso wa mbwa unaanza kumtoka kichwani. Hilo linamtisha kuliko magoti yake yanayomuuma. Simu yangu ina programu inayotengeneza picha ukiielezea kwa maneno, basi nikamuuliza mbwa alikuwa wa rangi gani.

"Mwekundu," akasema.

Kwetu mbwa ni mweusi, mweupe au mwekundu, basi. Nikaandika kwa Kifaransa: chien rouge. Akatoka mbwa mwekundu kama ndoo ya plastiki. Mama akauliza nani amempaka rangi yule maskini. Tulicheka sana, na ndiyo mara ya mwisho tulipocheka kwa kazi hiyo.

Nikabadilisha: rangi ya tofali, mwembamba, sikio moja limekatika. Wakatoka mbwa wanene wenye mikanda shingoni, wamelala juu ya zulia. Nikaomba mwembamba zaidi, akatoka wa kufa njaa, na mama akakasirika, maana wetu alikula. Kila jioni nikitoka kazini dukani ni hivyo hivyo: mega za intaneti zinaisha, betri inaisha, na mimi nimeishiwa maneno. Nilichoka na mbwa wote wa dunia.

Jumapili moja baada ya misa akatoka mmoja wa rangi ya tofali, amesimama kando ya ukuta wa udongo, sikio limekatika. Nikampelekea mama, aliyekuwa anachambua maharagwe. Aliangalia muda mrefu, akanirudishia simu.

"Inafanana," akasema, akichanganya na Kifaransa. "Mais hii hapana yetu. Acha sasa, mutoto yangu. Kila mara unanionesha moja, ile yangu inapotea."

Nilifuta picha zote palepale. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Halafu, nikitaka kujua amebakiwa na nini kichwani, nikamuuliza ni sikio gani lililokuwa limekatika.

Mama akaacha maharagwe. Akashika sikio lake la kulia, akaliachia, akashika la kushoto. Kisha akaniangalia nimsaidie, na mimi nilikuwa sijui tena.