Pedi ya Ndani

Mwalimu alikuwa na daftari la breki, na usicheke, maana yeye mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Alikuwa mwalimu wa hesabu, sasa amestaafu, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alichuchumaa kando ya gari lake dogo jeupe, akachungulia kwenye matundu ya rimu, akapenyeza rula, akapima unene wa pedi, kile kipande kigumu kinachobana diski ya chuma mpaka gari lisimame. Kisha akaandika: mbele kushoto, milimita saba, mbele kulia, milimita saba. Miezi kumi na minne mfululizo, kwa mwandiko ambao ungedhani ni cheti cha ndoa.

Kwa hiyo binti yake alipomwambia, "Baba, gari linalia nikikanyaga breki," mzee alimjibu kama alivyokuwa akiwajibu wanafunzi waliothubutu kumkosoa ubaoni.

"Ni vumbi tu, mama. Milimita saba hizo. Nenda."

Binti alikuwa amekuja kujifungulia kwa wazazi wake huku mlimani, na likizo ilikuwa imekwisha. Ilibidi ashuke mjini na mtoto wake wa wiki sita, na mama yake aliamua kumsindikiza ili akamsaidie kulea. Barabara ya kushuka ina kilomita kumi na nane za mteremko mtupu, kabla ya kufika tambarare ndefu ya kwenda mjini. Upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa. Safari ilikuwa iwe jana, lakini mtoto aliamka na mafua, wakaahirisha. Leo asubuhi binti akagoma kabisa kwamba hapandi mpaka fundi alione gari. Ana kichwa kigumu yule, na nyumbani hakuna asiyejua alikirithi kwa nani.

Basi Mwalimu akalipeleka gari gereji ya Bi Kimya, daftari kwapani. Hakwenda kutengenezewa gari. Alikwenda kuthibitishiwa kwamba yuko sahihi.

Mlangoni alipokewa na kaka yake Bi Kimya, mzee wa mguu mmoja aliyekaa kwenye stuli, magongo yake yameegemea ukuta. Kazi yake ni kupokea wateja na kuwachokoza.

"Karibu, Mwalimu! Umekuja na daftari? Leo tuna mtihani?"

Macho ya Mwalimu yalikuwa yameganda kwenye ukuta wa ndani. Toka chini mpaka karibu na paa, ukuta mzima ulikuwa umejaa pedi zilizolika, kila moja imefungwa waya na kuning'inizwa kwenye msumari wake, na mgongoni imeandikwa kwa rangi nyeupe. Hazikuandikwa aina za magari. Ziliandikwa watu. "Mapacha wa mshonaji." "Bi harusi na shangazi zake." "Bibi, miaka tisini." Mamia! Ya kwanza kabisa, pale pembeni chini, ilikuwa na kutu na neno moja tu: "Kaka."

Bi Kimya akatokea chini ya gari lingine, ovaroli imekolea grisi. Ni mwanamke wa miaka hamsini na ushei, na maneno kwake ni ya kupimiwa kijiko. Sikio lake la kushoto liliisha zamani kwa kelele za nyundo, kwa hiyo siku hizi anasikiliza kwa mguu. Hakuuliza gari lina nini. Akavua ndala, akaingia, akalisogeza taratibu uani huku unyayo mtupu uko juu ya pedali, akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena, macho ameyafumba.

"Mbele kulia," akasema.

"Haiwezekani," akasema Mwalimu, na daftari likafunguliwa.

Jeki ikapandishwa, gurudumu likatoka. Mwalimu akainama haraka, akanyoosha kidole. "Ile pale! Si unaiona? Nene kabisa!"

"Hiyo ni ya nje, Mwalimu."

Bi Kimya akalegeza boliti mbili, akainua kalipa, yaani kile chuma kinachozikumbatia pedi mbili, akaifunga kwa waya ili mpira wa mafuta ya breki usibebe uzito wake. Halafu akaingiza vidole nyuma ya diski, kule ambako rula haifiki wala jicho haliingii gurudumu likiwa mahali pake, akatoa pedi ya ndani. Akaiweka kwenye kiganja cha Mwalimu.

Upande mmoja ilibaki nyembamba kama ukucha. Upande wa pili hakukubaki kitu, chuma kitupu kinang'aa.

Mwalimu akaigeuza, akaigeuza tena. Miezi kumi na minne alikuwa amepima kwa usahihi kabisa pedi isiyo na shida. Na jana, kwa kinywa chake mwenyewe, alisema nenda.

"Pini za kutelezea zimeganda kwa kutu," Bi Kimya akasema. "Kalipa haitembei. Ya ndani inafanya kazi yote peke yake, ya nje inaangalia tu."

"Karibu chamani, Mwalimu," akasema yule mzee wa stuli, safari hii bila kucheka sana. "Dada yangu naye alichungulia matundu ya rimu. Alikuwa fundi mpya, anajisikia kweli kweli! Akaniambia, bado zipo kaka, nenda. Nikaenda. Niliporudi nilikuwa nimepungua."

"Kaka," akasema Bi Kimya.

"Si namwambia tu ajue."

Bi Kimya akachukua kitambaa akafuta mikono, akafuta tena ingawa ilikuwa imeshatakata. Mwalimu akaelewa ni kwa nini mwanamke huyu haongei, akamwonea huruma na kumwogopa kwa pamoja.

Rafuni kulikuwa na maboksi ya pedi za aina tatu zinazoingia kwenye gari lake. Mwalimu akatarajia kuulizwa anataka ipi. Badala yake akaulizwa, "Nani atapanda? Atapita wapi?"

"Binti yangu. Na mke wangu. Na mjukuu, ana wiki sita. Wanashuka mjini."

Mkono wa Bi Kimya ulikuwa tayari umeshika boksi la kwanza. Akalirudisha. Hizo, akaeleza, ni laini, hazina kelele, nzuri kwa mizunguko ya sokoni, lakini zikipata moto wa mteremko zinachoka na pedali inakuwa kama unakanyaga uji. Za pili ni ngumu mno, zinadumu lakini zinaila diski. Akatoa za tatu, akazilaza juu ya zile kuukuu, akapitisha ukucha pembeni kuona kama masikio yake, zile ncha za chuma za pembeni, yanalingana. Moja ilizidi kwa unywele tu. Akaikwangua kwa tupa mpaka ikaingia yenyewe, bila kulazimishwa. Zote nne za mbele zikabadilishwa, kulia na kushoto, maana upande mmoja ukiuma kuliko mwenzake gari linavuta.

Mwalimu alisimama akitazama, na nakwambia, mzee yule alistaajabu kama mtoto. Gari zima, uzito wa mifuko ishirini ya saruji, na roho za watu ndani yake, kumbe vyote vinashikwa na vipande ambavyo kiganja kinavifunika! Na mwanamke huyu alikuwa anasugua kutu kwenye pini mbili nyembamba kuliko kidole, anazipaka grisi, anazisukuma kwa kidole gumba ndani nje, ndani nje, mpaka zikateleza. Akairudisha ndani pistoni, ile inayoisukuma pedi, polepole kwa klampu. Hakuwa na haraka hata chembe. Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini na tano, na hakuwahi kufanya jambo lolote kwa makini namna ile.

Saa nne binti akafika na mama yake, mtoto amefunikwa shali. Bi Kimya akakanyaga pedali. Mara ya kwanza ilizama mpaka chini, maana pistoni zilikuwa zimerudishwa nyuma, Mwalimu akashtuka. Akakanyaga ya pili, ya tatu, ya nne, ikapanda, ikawa ngumu. Akamwita binti avue kiatu, akanyage mwenyewe.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Kilomita za mwanzo shika breki kidogo kidogo. Mteremkoni weka gia ndogo."

Basi. Hakusema nenda. Akatoka tu njiani akawapisha, na gari likapita mbele ya Mwalimu likiwa na watu wake wote wa duniani.

Mwalimu akanyoosha mkono na ile pedi mbovu. "Tuitundike?"

"Bado," akasema mzee wa stuli, akimsogezea benchi kwa gongo lake. "Hapa pedi haitundikwi mpaka mwenye safari apige simu. Kaa. Wote wanakaa hapo."

Akakaa. Saa tano ikafika. Akafungua daftari, akalifunga. Akahesabu misumari ukutani, akapotea, akaanza upya. Saa tano na nusu. Kila simu ilipolia mtaani alijishika mfuko. Akamtazama Bi Kimya. Alikuwa ameshika spana ileile muda mrefu bila kuifanyia kazi, na Mwalimu akatambua kwamba naye anasubiri, kwamba kwa kila msumari ule aliwahi kusubiri hivi hivi.

Saa sita kasoro dakika tano, simu ikatetemeka.

"Baba, tumefika. Amelala njia nzima."

Mwalimu alilia waziwazi, mzee mzima, mbele ya fundi, kaka yake na wapita njia, na hakuona aibu. Bi Kimya akamletea kopo la rangi nyeupe na brashi.

"Niandike nani?" akauliza.

Mwalimu akachukua brashi mwenyewe. Kwa mwandiko ule wa cheti cha ndoa, akaandika: "Mjukuu, wiki sita." Akainama, akaitundika kwenye msumari mtupu uliokuwa karibu na ile ya "Kaka."