Siku Niliyowapatanisha Watu Wasiogombana

Hapa sokoni Gisenyi kuna watu ambao mpaka leo wakiniona wananipungia mkono na kusema, "Amani, mama mupatanishi!", na wewe mgeni ukisikia utadhani nina cheo. Sina cheo. Nina aibu. Na acheni niwasimulie mwenyewe, maana inavyosimuliwa huko kwenye meza za samaki imeshatiwa chumvi mpaka imekuwa chungu (eti nilizimia, sikuzimia jamani, nilikaa chini tu).

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko zamani, na huku Gisenyi, Rwanda, nimeletwa na ndoa, ingawa huyo mume mwenyewe anaendesha lori na muda mwingi yuko barabarani, akija nyumbani ni kama mgeni wa heshima. Kinyarwanda nakijua, lakini ni kile cha jikoni, cha "leta maji" na "funga mlango". Mambo ya vikao vya wazee na mila zao hayo sikukulia. Majirani wananiita Mutanzania, na mimi nikiitwa hivyo nanuna kimoyomoyo, kwa sababu huko Karagwe nilikuwa naitwa Mnyarwanda, sasa kwetu ni wapi?

Kuhusu kanisa, nilikuwa na kanisa langu kwenye simu. Jumapili asubuhi baridi ya ziwani inauma, mimi niko ndani ya blanketi, simu iko juu ya mto, mhubiri anahubiri, mimi nasema amina huku nakunywa chai, na akirefusha namsogeza mbele. Mtu akiniambia twende ibadani namjibu kwa kiburi kabisa: Mungu yuko kila mahali, kwani kwenye simu hayupo?

Halafu mama yangu akafa. Nilikwenda Karagwe, tukazika, nikarudi haraka kwa sababu nilikuwa na sare za shule za watu, nikafungua mlango wa nyumba yangu, nikakaa. Hakuja mtu. Siku iliyofuata hakuja mtu. Na nyinyi mnajua msiba wa kwetu ulivyo, watu wanajaa, hata asiye na la kusema anakaa tu, anakohoa, anaondoka, na hicho kikohozi chake kinakusaidia. Mimi sikupata hata wa kukohoa. Siwalaumu, hawakujua, na ningemwambia nani? Yule mhubiri wangu wa kwenye simu wiki ile alihubiri juu ya faraja, na alihubiri vizuri kweli, lakini hakujua kama niko hai au nimekufa. Nililia mpaka nikachoka, nikanawa uso, nikarudi kwenye cherehani.

Ndipo siku moja akaja Mama Divine kuchukua kitenge chake. Huyu ni mwuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu, ana sauti ya kuita boti kutoka katikati ya ziwa, na macho yake hayapitwi na kitu. Akaniangalia akasema, "We Mutanzania, juu ya nini umekonda hivi? Jumamosi saa kumi kuya kwangu, tuko na kikundi ya maombi, tunaimba, tunasoma Neno, tunakunywa chai. Panda njia ya mawe, utaona geti ya bluu. Hauwezi potea."

Sikumwambia habari za mama, nilisema niko salama tu. Nilimwambia nitakuja, na alipoondoka nikagundua kwamba nataka kwenda, nataka mpaka naogopa. Nilijishonea gauni. (Ndiyo, gauni jipya la kwenda kwenye kikundi cha chai, msinicheke.) Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: hawa watu wakinipokea, nitakuwa na watu. Wasiponipokea, basi, nitarudi kwenye blanketi langu na sitatoka tena.

Jumamosi nikapanda njia ya mawe. Kuta zote kule juu ni za mawe meusi ya volkano, zote zinafanana, na mageti ya bluu, jamani, yalikuwa mawili! Moja hapa, jingine mbele kidogo. Simu ninayo, salio lipo. Nimpigie Mama Divine nimwulize? Thubutu! Ili waseme Mutanzania amepotea kabla hajafika? Nikasimama pale najifanya nafunga kiatu, mara nikaona wazee wawili wenye kofia na mama mmoja aliyevaa kitenge kizuri wanaingia geti la kwanza. Nikasema hao hao, wazee wa kanisa hao, nikawafuata nyuma kama mtoto wao.

Tukavua viatu mlangoni, tukaingia. Sebule imejaa, viti vimepangwa mistari miwili inayotazamana, na mimi nikapenda, nikasema kumbe hapa watu wanaangaliana usoni, si kama mabenchi ya kanisani unaangalia kisogo cha mtu. Nikakaa kwenye kiti cha mwishoni kabisa, kati ya ile mistari miwili, si huku wala huku. Kila upande ukanitikisia kichwa kwa heshima. Nikaletewa soda. Mzee mmoja akafungua kwa sala, nzuri na fupi, wote tukaitikia amina, na mimi machozi yakanilenga, nikasema moyoni: Mama, nimefika.

Basi akasimama mzee mrefu wa upande wa kulia, Mzee Karoli, mtu wa asili ya Bugeshi, kule juu kwenye viazi na baridi. Akaongea Kiswahili kwa sababu wale wa upande wa kushoto walikuwa watu wa Rubona waliowahi kuishi Kongo. Nikategemea atasoma Neno. Badala yake akakunja uso, akasema:

"Ninyi watu ya Rubona, siwajue. Babu yenu alikuya kwetu Bugeshi wakati ya njaa, akakula viazi yetu musimu muzima, akaenda bila kuaga. Leo munaingia mu nyumba yangu na uso gani?"

Nikashtuka. Akasimama mzee wa upande wa kushoto, Mzee Bonifasi, mfupi, mpole, mikono kifuani: "Muzee, ni kweli. Tulikosa. Tuko hapa kwa kuomba musamaha."

"Musamaha? Viazi haina musamaha! Na kuko makosa ingine!"

Mama mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge, mabega yanatetemeka. Nikajua analia. Na mimi, ndugu zangu, hasira zikanipanda. Yaani nimekaa peke yangu msiba mzima, nimeshona gauni, nimepanda kilima, nimefika kwa watu wa Mungu, na watu wa Mungu wenyewe wanagombania viazi vya babu! Hapo ningenyamaza, hata nyinyi msingekuwa na kitu cha kusikiliza leo. Lakini mimi kiherehere nimezaliwa nacho. Nikasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina," wakaitika, wote, wananikodolea macho.

"Mimi ni mgeni, lakini siwezi kunyamaza. Wazee wangu, viazi? Viazi! Mama yangu amekufa, nikarudi nyumbani kwangu sikupata hata mtu mmoja wa kukaa na mimi, hata mmoja! Nyinyi mnao watu, mmejaa sebule nzima, na mnagombana kwa viazi? Mzee, njoo hapa. Na wewe baba, njoo. Shikaneni mikono. Semeni mmesameheana."

Na wakaja! Hilo ndilo mpaka leo linanishangaza. Mzee Karoli aliniangalia, akaangalia wa kwake, hakuna aliyesema kitu. Mzee Bonifasi akaangalia wa kwake, hakuna aliyesema kitu. Wakashikana mikono mbele yangu. "Nimesamehe," akasema Mzee Karoli, sauti imekauka. Nikawawekea mikono mabegani, nikafumba macho, nikaomba. Niliomba, jamani! Niliombea Bugeshi, nikaombea Rubona, nikavunja kila kosa la viazi lililopita na litakalokuja, nikatangaza kwamba kuanzia leo kati ya nyumba hizi mbili hakuna anayemdai mwenzake kitu. Watu wote wakasema amina.

Nilipofungua macho, Mzee Bonifasi alikuwa amenyooka mgongo, anameremeta. "Bon," akasema. "Donc, kama tumesamehewa yote mbele ya Mungu, mutupe binti yetu tuende."

Upande wa kushoto ukalipuka kwa makofi. Upande wa kulia ukapiga kelele. Mzee Karoli akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Ngoja. Huyu mama si ni wa kwenu?"

"Wa kwetu? Si ni wa kwenu?"

Macho yote yakanigeukia, na mimi nikageuka nyuma kuangalia kama wanamwangalia mtu mwingine. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Yule mama wa kitenge (kumbe alikuwa anacheka, muda wote ule alikuwa anacheka!) ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza. Hapa ni gufata irembo, yaani upande wa mvulana umekuja kwa mara ya kwanza kumwomba binti. Na huku kwetu, wazee wa binti hawatoi binti hivi hivi, wanatafuta makosa ya uongo, wanakataa, wanakasirika kwa mchezo, na wa mvulana wananyenyekea, ndiyo heshima ya binti yenyewe hiyo. Bila hivyo ni kama umemtoa sadaka. Hapo ndipo nilipokaa chini, sakafuni, na gauni langu jipya.

"Nilikuwa nimetayarisha makosa mingi sana!" Mzee Karoli alikuwa anawalalamikia wenzake, na huyo sasa hakuwa anaigiza. "Wiki muzima nayatafuta! Sikufika hata kwa sambaza zenye kuoza!"

Nikasema samahani, nikasema nilikuwa natafuta kwa Mama Divine, nikasikia mtu akisema, "Mana yanjye, Mungu wangu, ni geti ya kufuata!", na kicheko kilichotoka mle ndani nadhani kilisikika mpaka Goma, upande wa Kongo. Nilikimbia. Nilivaa viatu bila kuangalia, nikatoka, nikaingia geti la pili kwa sababu tu lilikuwa la kwanza kunificha.

Walikuwa kama kumi, wamekaa kimya, Biblia zimefungwa, chupa ya chai iko mezani haijaguswa.

"Tulikuwa tunakungoya," akasema Mama Divine. "Hatuyaanza."

Hawakuwa wameanza. Saa nzima ile watu wazima wenye kazi zao walikuwa wamekaa wakimngoja mtu wasiyemjua. Mama Divine akaangalia miguu yangu, na mimi nikaangalia: mguu mmoja kiatu changu, mguu mwingine kiatu cheusi cha mwanaume, kikubwa, mguu unaogelea ndani. Na kabla sijafungua mdomo hodi ikapigwa, Mzee Karoli huyo, soksi moja mavumbini.

Nilijua amekuja kunifokea. Alichukua kiatu chake, akakivaa pole pole, akanyooka, akawaangalia wale watu mmoja mmoja.

"Mi nimekuya kutwaa kiatu," akasema. "Lakini nawauliza ninyi watu ya maombi. Huyu mama amefiwa na mama yake. Nani kati yenu alienda kukaa naye?"

Nikataka kuwatetea, niseme sikuwaambia, niseme kosa ni langu, lakini nikachelewa. Mama Divine alikuwa amejishika kichwa.

"Mutanzania," akasema taratibu, na sauti ile ya kuita boti haikuwepo tena. "Na we unanishonea kitenge, unanirudishia, unaniambia uko bien?" Kisha akasimama. "Leo hatusome. Mubebe chai. Tunaenda kwake."

Wakabeba chai, wakabeba maandazi, wakabeba na benchi, tukashuka njia ya mawe mimi niko katikati na kiatu kimoja (changu cha pili kilikuwa bado kwa wale wengine, kililetwa baadaye pamoja na soda zilizobaki na ujumbe kwamba binti ametolewa, Mzee Karoli alikubaliwa aanze makosa upya tangu mwanzo). Nyumba yangu ikajaa. Wengine wakakaa kitandani, mmoja akakaa kwenye kiti cha cherehani. Vikombe havikutosha, wakanywa kwa zamu. Wakaimba polepole, wakanyamaza, mtu mmoja akakohoa.

Halafu mama mmoja ambaye sikulijua hata jina lake akaniuliza, "Mama yako alikuwa mutu wa namna gani?"

Hilo swali hapa Gisenyi nilikuwa sijaulizwa. Nikasema alikuwa mkali. Wakacheka. Nikasema alikuwa anasimama mlangoni kutuombea tukienda shule, kwa sauti kubwa, njia nzima inasikia, sisi tunaona haya. Wakacheka zaidi, Mama Divine akasema, "Ah bon, tumejua ulitoa wapi hiyo tabia!" Nikacheka na mimi, halafu nikalia, nikalia sana, lakini safari hii mikono ilikuwa mgongoni kwangu na hakuna aliyeondoka.

Basi nimeapa. Siingii tena geti la mtu bila kuuliza hapa ni kwa nani. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kuombea viazi. Wazee wakigombana, wagombane tu. Harusi imekaribia, pande zote mbili zimenialika, na Mzee Karoli amenipa sharti moja, nisisimame mpaka chakula kiishe. Nimekubali. Na juzi dada mmoja wa kikundi chetu kafiwa na baba yake kule Nyakiriba. Sikumjua huyo baba, na sikuwa na la kusema. Nilifunga cherehani, nikauliza njia kwa kila niliyekutana naye, nikafika wa kwanza, nikakaa.