Baki 62

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, namba tasa ni nini?" Nikamjibu haraka: ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kisha nikasingizia moshi wa jikoni, maana machozi yalishanilenga. Ngoja nikueleze, ndugu yangu, ingawa naona aibu.

Nilisoma Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, enzi za vijiji vya ujamaa. Mwalimu wetu alitoka mkoa wa mbali, na lafudhi yake tulikuwa tukiiiga tukichota maji. Siku moja mkaguzi wa elimu alituachia swali: je, 8,633 ni namba tasa? Angerudi Ijumaa.

Mwalimu hakutaka kulijibu peke yake. "Tutalilima kama shamba la kijiji," alisema, "kila mtu na kipande chake." Alituonyesha kwamba inatosha kujaribu namba tasa kuanzia 2 hadi 89, maana inayofuata, 97, ukiizidisha kwa yenyewe unaipita 8,633. Zilikuwa ishirini na nne, nasi tulikuwa ishirini na wanne. Mimi nikapewa 89.

Jioni ile bibi yangu alinipeleka ufukweni kugeuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wakikauka kwenye vichanja na kufukuza kunguru. Mkononi nina kipande cha muhogo wa kuchoma, kijiti nikakifanya kalamu mchangani. 89 kwenye 863 inaingia mara tisa, inabaki 62. Ilikuwa bado nishushe ile 3 ya mwisho. Wenzangu wakaniita majini. Nikaandika kwenye karatasi "baki 62", nikakimbia.

Ijumaa mwalimu alisimama kifua mbele. "Ni tasa, bwana mkaguzi. Darasa zima limethibitisha." Mkaguzi akachukua chaki, akaandika 89 mara 97, akazidisha taratibu hadi ikatoka 8,633. Kisha akacheka mbele yetu. "Na wewe ndiye unawafundisha hawa?"

Mwalimu alijua fika 89 ilikuwa ya nani, kwani karatasi aligawa mwenyewe. Nilitazama miguu yangu nikingoja jina langu. "Kosa ni langu," alisema. "Sikuhakiki." Nami nikamwacha abebe kosa langu.

Asubuhi ya Jumatatu nilimwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa upole uleule. Heri angenichapa.

Lile darasa la udongo halipo tena, bibi yangu alishafariki, na mwalimu alihamishwa nisijue alikoishia. Hayo ni kazi ya miaka, siyalilii sana. Lakini tangu juma lile mwalimu alikaa na kalamu nyekundu akikagua karatasi zetu moja moja, hata za wale ishirini na watatu waliogawa kwa uaminifu. Hatukuaminiwa tena, na aliyetunyang'anya imani ile ni mimi.